Andikisheni Ndoa Kabla ya Safari

Mtu wa mtaa wa Munyaka, Eldoret, akipata kazi ya uuguzi Marekani, au jina lake likitoka katika bahati nasibu ya viza, nyumbani huanza hesabu ya nauli. Ningeomba waanze na swali jingine: ndoa yenu imeandikishwa? Mahari imetolewa, wazee wa pande zote wameketi na kula, watoto wapo, mtaa mzima unawajua kuwa mume na mke. Lakini katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, wataulizwa cheti.

Marekani huipima ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungwa, kwa hiyo shauri linarudi hapa kwetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ya kiserikali, ya Kihindu na ya Kiislamu. Lakini inawataka wanandoa wamjulishe msajili ndani ya miezi 3 baada ya taratibu za mila kukamilika, kisha wote wawili wafike mbele yake ndipo wapewe cheti. Neno hilo la kukamilika limewaumiza wengi. Kwa Wakikuyu, ruracio (kutoa mahari) peke yake haitoshi: mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuitambua ndoa moja kwa sababu ngurario, sherehe inayokamilisha ndoa, haikufanywa. Na aliyekwisha kuruka hawezi kufika mbele ya msajili mpaka arudi. Hati ya kiapo kutoka kwa wakili haishiki nafasi ya cheti, hata iwe na mihuri mingi kiasi gani.

Mbona tarehe ya ndoa ina uzito hivyo? Muuguzi aliyekuwa na mume kabla ya kuingia Marekani kwa viza ya ukaazi wa kazi anaweza kufuatwa na mumewe kwa ombi lilelile. Ndoa ikifungwa baadaye, huanza upya kwa fomu ya I-130, ya kumwombea jamaa, na mume huingia katika foleni ambayo viza zake zina kikomo kila mwaka. Kikomo hicho huondoka mwenye grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) akiwa raia, na kwa kawaida hukaa miaka 5 kabla ya kuustahiki uraia.

Kwa bahati nasibu mambo ni makali zaidi. Aliyekuwa na mke siku ya kujaza maombi asipomtaja, hunyimwa viza yeye mwenyewe. Bado wapo mawakala wanaowaambia vijana waandike kwamba hawajaoa ili "mambo yawe rahisi". Ushauri huo umevunja nyumba za watu, na anayeutoa hayupo siku ya mahojiano. Viza za bahati nasibu za mwaka husika pia hufungwa tarehe 30 Septemba, na mke aliyebaki nyumbani naye anabanwa na tarehe hiyo.

Majina nayo yakaguliwe mapema. Chepkosgei katika kitambulisho na Jepkosgei katika cheti cha kuzaliwa ni mtu mmoja kwetu; kwa karani wa mbali ni maswali na barua za kuchelewesha. Aliyewahi kufanya kazi Qatar au Saudia kwa mwaka mmoja au zaidi atatakiwa cheti cha polisi cha huko, juu ya kile cha Kenya. Ni rahisi kukipata kabla ya kuondoka huko kuliko kukitafuta ukiwa Eldoret.

Cheti huthibitisha kwamba ndoa ipo; kwamba ni ya kweli huthibitishwa na maisha yenyewe. Wekeni taarifa za M-Pesa za fedha za matumizi, picha za koito (sherehe ya mahari ya Wakalenjin) au ngurario pamoja na wazee, vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Anayeingia kwa ombi la I-130 kabla ndoa haijatimiza miaka 2 hupewa grini kadi ya masharti ya miaka 2. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha, wanandoa hujaza pamoja fomu ya I-751. Hapa ndipo wake wengine hutishwa: "Ukiniacha, nitakurudisha Kenya." Sheria haisemi hivyo. Aliyeingia katika ndoa kwa nia njema, kisha akapigwa, akateswa au akaachika, anaweza kuomba masharti yaondolewe bila saini ya mwenzake. Nayo ahadi ya kumkimu, ile aliyoitia saini mume katika fomu ya I-864, haifutwi na talaka.