Bundi wa Misri na kabari za Babeli: mwandiko upi ulikuwa mgumu?

Chukua kalamu umchore bundi: kichwa cha mviringo, macho, mbawa, miguu. Ukimaliza, umeandika sauti moja tu, m, kwa hiroglifi za Misri ya kale. Sasa weka kalamu chini, shika kipande cha tete, ugandamize ncha yake kwenye udongo mbichi. Alama inayobaki, kichwa kipana na mkia mwembamba, ndiyo kabari. Wasumeri na Wababeli walijenga mwandiko wao wote kwa kabari za namna chache: zilizosimama, zilizolala na za mshazari.

Kwa kutazama tu, utasema Misri ndiyo iliyowatesa waandishi wake. Lakini karani wa Misri hakuchora bundi kila siku. Hiroglifi zilikuwa hasa za kuta za mahekalu na makaburi. Barua na hesabu za nafaka ziliandikwa kwa hieratiki, mwandiko wa haraka wa wino juu ya mafunjo, na humo bundi alisinyaa akawa mkunjo unaokaribia tarakimu 3.

Kabari nazo zilianza kwa upole. Katika mji wa Nippur, Iraki ya leo, karibu miaka 3,750 iliyopita, mwanafunzi alirudia kabari moja moja mpaka mkono ukazoea. Kisha akaandika tu-ta-ti, nu-na-ni, bu-ba-bi, sawa na mtoto wetu wa darasa la kwanza na ba-be-bi-bo-bu zake. Akikosea, alisawazisha udongo kwa kidole akaanza upya.

Kazi ilianza baada ya hapo. Itazame alama ya nyota. Kwa Kisumeri ilisomwa *an*, yaani mbingu, au *dingir*, yaani mungu. Waakadi, ambao lugha yao ilisemwa pia na Wababeli, nayo ni ndugu wa Kiarabu wala haina undugu na Kisumeri, waliirithi pamoja na namna zake za zamani za kusomwa, wakaongeza za kwao: mungu kwao ni *ilu*, basi alama ileile ikawa pia silabi *il*. Ikitangulia jina la mungu, haikutamkwa kabisa. Msomaji aliamua kwa muktadha, na alama za namna hiyo zilikuwa mamia.

Misri pia ilikuwa na alama mamia, karibu 700 katika kipindi chake cha kati, lakini zilitumikia lugha moja. Taabu yake ilikuwa kukosa irabu, jambo analolijua kila aliyesoma Kiarabu kisichotiwa harakati. Dawa ilikuwa picha mwishoni mwa neno: miguu inayotembea, kwa mfano, ilionyesha kwamba neno linahusu mwendo.

Kwa hiyo hiroglifi zilichosha mkono, kabari zikachosha kichwa. Hata hivyo, mzigo wa kichwa uliweza kupunguzwa. Huko Kanesh, Uturuki ya leo, wafanyabiashara wa Ashuru waliacha vibao zaidi ya 20,000 vya barua na madeni ya bati na nguo, vya karibu miaka 3,900 iliyopita. Alama walizozihitaji hazikufika 200, na inaonekana wengi wao waliandika wenyewe bila kumwita karani. Kabari zilikuwa zilezile. Walichokiacha ni namna nyingi za kuzisoma zilizorundikwa juu yake.