Je, Wajua? Mwalimu wa Wasioona Huandika Kinyumenyume

Je, wajua kwamba mwalimu wa wanafunzi wasioona hujifunza kuandika kuanzia kulia kwenda kushoto? Kwa kibao cha nukta nundu, karatasi hubonyezwa kwa ncha ya chuma upande wa nyuma, na nundu hutokeza upande wa pili. Kisha karatasi hugeuzwa, isomwe kushoto kwenda kulia kama kawaida. Ukisahau kugeuza herufi unapoiandika, “e” itasomeka “i”, na “d” itasomeka “f”.

Mfaransa Louis Braille alibuni mfumo huu wa nukta nundu mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu. Nafasi sita za nukta katika kila alama hutoa michanganyiko 63, inayotosha herufi, tarakimu na hata muziki.

Walimu wa elimu maalumu husomea ujuzi huu katika vyuo kama Patandi mkoani Arusha na KISE jijini Nairobi. Darasani, kuna kanuni nyingine: kila kinachoandikwa ubaoni husomwa kwa sauti. “Jumlisha hii na ile” haimfai asiyeona; “jumlisha 24 na 38” anaielewa papo hapo, na wenzake wanaoona pia.