Chozi wa Milimani na Wimbo Usiochakaa

Kila ninapomtaja ndege chozi, kuna msomaji ananikumbusha kwamba huyo ndiye kolibri wa Afrika. Siye. Kolibri ni ndege wa Amerika na hana undugu wa karibu na chozi. Midomo imefanana kwa kuwa wote hunywa mbochi wa maua.

Dai la pili nalisikia hata kwa waliosoma: ndege akitengwa mlimani, wimbo wake hubadilika kidogo kidogo mpaka awe ndege mwingine. Nami niliamini hivyo hadi 2021, ulipotoka utafiti kuhusu chozi wa misitu ya milima ya Tao la Mashariki, wale wenye mgongo wa kijani kinachometameta na mkanda mwekundu kifuani. Usambara na Pare Kusini wana aina yao. Wa Uluguru hapatikani kwingine duniani. Udzungwa, aina mbili hukutana. Kwa rangi wanachanganya sana. Sikio ndilo linalosaidia.

Watafiti, akiwemo Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichambua nyimbo za ndege 123 wa makundi 15, wakazilinganisha na vinasaba vyao. Hapa ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Chozi hazaliwi na wimbo wake, hujifunza. Kinda husikiliza, huiga, hukosea, hurudia. Kosa la mmoja laweza kuwa funzo la mwingine, kama maneno yanavyobadilika yakipita vinywa vingi. Lahaja za Kimvita na Kiamu ni jirani, wala hazijaachana muda mrefu hivyo, na bado tofauti zinasikika. Makundi ya chozi yametenganishwa na nyanda za joto kwa malaki ya miaka. Ungetarajia nyimbo zao zisifanane hata kidogo. Kumbe baadhi yao wanaimba karibu wimbo uleule! Kwingineko wimbo uliruka mbali kwa muda mfupi, kisha ukatulia tena. Maelezo yanayonishawishi ni haya: dume anayeimba visivyo hatambuliki, jike hamjii, mpinzani hamwogopi, na kosa lake linakufa naye. Kutengwa peke yake hakutoshi kuubadili wimbo.

Dai la tatu ni lenu, nyinyi mnaowauzia asali wagonjwa wa kisukari, mkidai chozi hunywa utamu kutwa nzima na haugui: acheni. Sukari katika damu ya ndege kwa kawaida ni karibu maradufu ya ile ya mnyama wa uzito wake, na mwili wake umeumbwa kuihimili. Wa binadamu haukuumbwa hivyo. Asali hupandisha sukari, iwe ya msituni au ya dukani. Mgonjwa afuate kipimo na dawa za kliniki.

Ukipanda Magamba kule Usambara, au Uluguru, usimwite chozi kwa wimbo uliorekodiwa kwenye simu. Dume ataacha maua yake na kuhangaika kumsaka mpinzani asiyekuwepo.