Asidi ya Ukwaju: Kwa Nini Haiishi Tunda Linapoiva

Msomaji wetu wa Mwingi, Kitui, amenunua krimu ya uso iliyoandikwa kwamba ina asidi ya tartariki. Anauliza: je, ni ile iliyomo kwenye ukwaju wanaoutia ujini?

Ndiyo yenyewe. Zabibu pia zinayo, lakini ukwaju unaziacha mbali: nyama yake ina asilimia 8 hadi 18 ya asidi hiyo. Mimi ningeiita asidi ya ukwaju, maana humo ndimo ilimojaa. Ni ndugu wa asidi ya laktiki ya maziwa ya mgando na asidi ya glaikoliki ya muwa. Zote hulegeza vishikizo vinavyounganisha seli zilizokufa juu ya ngozi, nazo seli hubanduka.

Linalonivutia zaidi ni kwamba ukwaju ukiiva, asidi hii haipungui. Tazama embe la Makueni. Likiwa bichi hutia meno ganzi. Likiiva huwa tamu, na si kwa sababu ya sukari pekee. Embe hupumua hata baada ya kuchumwa, na asidi yake ya sitriki ni sehemu ya chakula chake. Ni kama nyumba yenye ghala wakati wa kiangazi: kila siku mama huchota kibaba cha mahindi, mpaka sakafu ikaonekana. Ukwaju nao una ghala, tena limejaa hadi darini, ila nafaka iliyomo haisagiki kwa kinu cha nyumba hiyo. Vimeng'enya vinavyoteketeza asidi ya sitriki haviigusi ya tartariki. Sukari inaongezeka, asidi inabaki palepale, na tunda linakuwa tamu na kali kwa pamoja. Ndiyo maana ukwaju uliokaukia mtini kule Tseikuru bado humkunja mtu uso.

Je, upake ukwaju wenyewe usoni? Hapana. Kwenye krimu nzuri kiasi cha asidi kimepimwa. Kwenye ukwaju hubadilika mti kwa mti. Tena ngozi iliyobanduliwa huungua upesi, na jua la Ukambani ni kali. Ukwaju utie ujini. Krimu ipake usiku, na asubuhi usitoke bila mafuta ya kukinga jua.