Wasia wa Kiungo: Sema Ungali Hai

Nilipokuwa Sericho, Kaunti ya Isiolo, mama mmoja ambaye mumewe ameharibikiwa na figo aliniuliza: "Shekhe, nikimpa figo yangu moja, nitafufuliwa na upungufu?" Nikamjibu kuwa Aliyetuumba mara ya kwanza hashindwi kuturudisha kamili.

Swali hilo ni zito. Mgonjwa wa namna hii husafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa juma, asipopata figo ya kupandikizwa. Na kutoka Sericho hadi mji wa Isiolo ni safari ndefu.

Wako maulamaa waliozuia, kwa kuchelea heshima ya maiti. Lakini mwaka 1988, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah, ilijuzisha kwa masharti: aliye hai asijiangamize kwa kutoa, kiungo cha maiti kitolewe kwa idhini aliyoiacha au ya warithi wake, na kuuza ni haramu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo inamruhusu mtu kuusia viungo vyake kwa wasia, kwa hati yenye saini yake na za mashahidi wawili, au kwa kauli mbele ya mashahidi wawili.

Basi, ndugu zangu, jambo hili lisingoje mlango wa chumba cha mahututi, familia ikilia na kugombana. Muulizeni mwanachuoni mnayemwamini, kisha semeni nyumbani, mbele ya mashahidi: ndiyo au la. Atakayetoa, anuie radhi za Mwenyezi Mungu.

Wallahu aalam.