Saa za Ziada: Tupige Hesabu Wenyewe

Wafanyakazi wenzetu, malalamiko mengi ya malipo yanayofika kwenye matawi huishia njiani kwa sababu moja. Mlalamikaji anajua kwamba amepunjwa, lakini hawezi kuonyesha ni kiasi gani. Karani wa mwajiri ana tarakimu mkononi, sisi tuna kelele. Na hesabu yenyewe si ngumu. Ni ile ya uwiano tuliyofundishwa darasani kwa maembe na machungwa. Leo tuifanye kwa magunia.

Tuseme wapagazi 10 katika ghala nchini Uganda humaliza kupakia shehena kwa siku 4, saa 8 kila siku. Kila mmoja hulipwa shilingi 96,000 kwa wiki ya saa 48. Mwajiri anawaachisha kazi wawili. Nyapara anawaambia wanane waliobaki kwamba shehena ni ile ile na siku ni zile zile 4.

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote tujiulize: kimoja kikipungua, na kingine kinapungua, au kinaongezeka? Saa na malipo hupanda na kushuka pamoja. Watu na siku hupishana: watu wakipungua, siku huongezeka. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, tukazidisha palipotakiwa kugawanya.

Njia ya salama ni kutafuta kwanza cha mmoja. Kazi ya watu 10 kwa siku 4 ingemchukua mtu mmoja siku 40. Gawanya siku hizo kwa watu 8, unapata siku 5. Nyapara akishikilia siku 4, basi zile saa 8 za siku ya tano lazima zigawanywe katika siku 4, yaani saa 2 zaidi kila siku. Kila mtu sasa anafanya saa 10.

Tuje kwenye malipo. Shilingi 96,000 kwa saa 48 ni shilingi 2,000 kwa saa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataka saa zinazozidi 8 kwa siku zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na zikiwa za sikukuu ya serikali, mara mbili. Kwa hiyo saa ya ziada ni shilingi 3,000. Saa 2 kwa siku 4 ni saa 8, na haki ya kila mmoja ni shilingi 24,000 juu ya mshahara wake. Karani akiandika 16,000, ametumia bei ya saa ya kawaida. Pengo ni 8,000 kwa mtu mmoja, 64,000 kwa wote wanane.

Sasa tazameni upande wa mwajiri. Wale 10 walimgharimu shilingi 640,000 kwa shehena. Wanane wakilipwa kwa sheria ni 704,000. Wakilipwa saa za ziada kwa bei ya kawaida ni 640,000 tena. Wasipolipwa ziada kabisa ni 512,000. (Hatukuhesabu chakula wala sare, ambavyo hutofautiana kutoka ghala hadi ghala.) Basi mwajiri akituambia amepunguza watu ili kubana matumizi, tumwombe atuonyeshe ni katika hesabu ipi kati ya hizo tatu.

Uwiano huo huo hukagua akiba yetu ya NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 10, yaani 1 kwa 2. Mwenye mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi hukatwa 20,000, na mwajiri huweka 40,000. Taarifa ya akiba ikionyesha 20,000 tu kwa mwezi huo badala ya 60,000, fungu la mwajiri halikufika. Njoo nayo tawini pamoja na karatasi ya mshahara.