Dumu Kabla ya Mtu

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Zaidi ya watu 600 walitolewa majini wakiwa hai, na baadhi yao walikuwa wameng'ang'ania magodoro. Godoro halina cheti cha mamlaka yoyote ya usafiri wa majini, lakini linaelea, na usiku ule hilo lilitosha.

Ninapofundisha wavuvi na manahodha wa boti ndogo huanzia kwenye magodoro yale, maana dhana iliyokita mizizi pwani na ziwani ni kwamba kuokoa ni kujitosa. Mwili wa mtu unakaribiana sana kwa uzito na maji yanayomzunguka. Kinachohitaji kubebwa ni kichwa na shingo. Ndiyo maana jaketi la kujiokolea la mtu mzima hubeba kilo saba hadi kumi tu. Sasa litazame dumu la lita 20 lililolala tezini. Likiwa tupu, kifuniko kimekazwa, linabeba karibu kilo 19, yaani watu wawili wakilishika bila papara. Hata likijaa petroli linaelea, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, ingawa hapo litabeba kama kilo tano tu.

Kijana mmoja aliwahi kunibishia. "Mwalimu, mimi nimezaliwa pwani, dumu la nini?" Nikamwambia mwenzake ajifanye anazama, maji ya kifuani, na yeye aende kumwokoa. Yule wa kujifanya, tena huku anacheka, alimkwea mabegani kama anakwea mnazi. Tulipowatenganisha, mwokoaji ndiye aliyekuwa anakohoa maji ya chumvi.

Anayezama kweli hachagui. Mikono yake inakandamiza maji ili mdomo upate hewa, na chochote kitakachoingia chini ya mikono hiyo kitakandamizwa, hata awe ndugu yake. Hapigi kelele pia, kwani pumzi ya kupigia kelele hana. Hali hiyo mara nyingi hudumu sekunde 20 hadi 60 kabla hajapotea chini. Wengi hudhani kwamba kimya cha aliyemo majini ni dalili ya utulivu.

Kwa hiyo dumu lifungwe kamba mpinini kabla ya safari, kama mita 15, kamba ikunjwe vizuri isije ikajisokota siku ya siku. Tia ndani maji ya vikombe viwili. Dumu tupu kabisa hupeperushwa na upepo, lenye maji kidogo huenda unakolituma. Lirushe lipite bega lake, kisha livute taratibu mpaka limguse. Ukimrushia mbele yake, atalipapatikia na kulisukuma mbali.

Kumfikia nako kuna adabu zake. Mtu mmoja chomboni apewe kazi moja tu: kumnyooshea kidole aliye majini bila kugeuza macho, hata akiitwa. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi ni kifuu cha nazi, ukipepesa umekipoteza. Elekeza omo kwenye upepo, chombo kikutii. Akiwa karibu, zima mashine kabisa, kwani rafadha haijui mguu wala kamba. Kwenye mtumbwi mwembamba mpandishie tezini au omoni, si ubavuni, na wengine wabaki wameketi. Nimeshaona abiria wote wakikimbilia upande mmoja kwa huruma, na huruma hiyo ikawapindua.

Chombo kikipinduka, msikiache. Mtumbwi wa mbao uliojaa maji kwa kawaida bado unaelea, na waokoaji wakija huliona gamba la chombo kabla ya vichwa. Nchi kavu ukiitazama kutoka majini huonekana karibu kuliko ilivyo. Ukiona chombo kingine, inua mikono yote miwili kwa pembeni na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara ya hatari inayotambuliwa kimataifa. Mkono mmoja unaopungwa kwa haraka hujibiwa kwa salamu.

Sheria ya bahari inamtaka nahodha kwenda kusaidia, ilimradi haitii meli yake na waliomo katika hatari kubwa. Wavuvi hawasubiri sheria. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wao ndio waliowahi, na watu 24 kati ya 43 walinusurika.

Likabaki la ufukweni, ambalo hukosewa mno. Aliyezama na asiyepumua asininginizwe miguu juu wala kukandwa tumbo ili atapike maji. Hayo hupoteza dakika na huweza kumpalia. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi tano, kisha anza kubonyeza kifua mara 30 kwa pumzi mbili. Na aliyekohoa, akakaa, akasema yuko sawa na anataka kwenda nyumbani, apelekwe hospitali hivyo hivyo. Mapafu yaliyoingiwa maji huweza kumgeukia saa kadhaa baadaye, usiku, wakati boti zimeshafungwa na kila mtu amelala.